Maua ya pori kwenye udongo wa kichuguu: mbegu inakataa, majani inakuwa njano, nyasi inameza yote, tuanzie wapi?

Hii ni kwa wandugu wa Lubumbashi na pembeni yake, Kipushi, Likasi, wenye wanataka maua ya kwetu, yale ya porini, irudi kwenye parseli. Rozi na bugenvile za kununua siyo mada ya leo. Kila mwaka mvua ikianza malalamiko ni yale yale, njo maana nimeipanga kwa dalili. Tafuta yenye unaona kwako, anza na sababu ya kwanza ju ndiyo inatokea sana, ukiona siyo yenyewe shuka kwa yenye inafuata. Usiruke. Watu wengi wanakimbilia dawa ya kununua wakati shida ilikuwa ni kufukia mbegu sana.

Lakini kwanza udongo, ju bila kuelewa huo hata dalili utazisoma vibaya. Parseli mingi za huku ziko na udongo mwekundu wenye asidi. Sasa mutu anajenga, analeta kamio ya udongo wa kichuguu ju ya kujaza, ama nyumba yenyewe imekaa juu ya kichuguu cha zamani, na hapo anakuwa na udongo mwingine kabisa. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga ni kazi ya muchwa wenye wanasayansi wanaita Macrotermes falciger, vinaweza kufika metre 8 kwenda juu, na kimoja chenye kilipimwa huku kwetu kilikutwa na umri wa zaidi ya miaka 2000. Miaka yote hiyo chokaa imejikusanya ndani, kwa hiyo unaweza kuwa na asidi upande wa mulango na chokaa upande wa choo, parseli moja. Ongeza mabaki ya beto, simenti yenye ilimwagika wakati wa kujenga, chokaa yenye inashuka kutoka kwenye ukuta kila mvua. Na upande wa Likasi kuna mawe ya chokaa yenyewe, yale ya Kakontwe.

Kupima ni rahisi. Chukua kijiko ya udongo mukavu, weka kwenye sahani, mwagia siki. Ikitoa povu ndogo ndogo na ukisogeza sikio unasikia inachemka, iko chokaa. Chimba pia kidogo kwenda chini upime tena, ju kwenye kichuguu chokaa inakaa sana ndani kuliko juu, wakati mwingine unaona na vijiwe vyeupe vyenye unaweza kuvunja na kucha. Isipotoa povu haimaanishi uko salama asilimia mia, ila inakupa mwanzo. Pima sehemu tatu ine za parseli, si moja.

Mbegu haijaota kabisa

Hii njo namba moja na njo yenye iko na sababu mingi, tuchukue muda.

Ya kwanza, umeifukia sana. Sisi tumezoea mahindi na maharagi, shimo, mbegu, mguu, kwisha. Mbegu ya mahindi iko na nguvu ya kutoboa, lakini za maua ya pori mingi ni ndogo, zingine kama vumbi, ukiweka chini ya kidole kimoja cha udongo umezizika. Zenye ni ndogo tupa juu tu, kandamiza na ubao ama na mukono, usifunike. Zenye ni kubwa kidogo funika kwa unene wa mbegu yenyewe mara mbili, usizidishe.

Ya pili, udongo umefunga. Udongo wa kichuguu uko na mfinyanzi mwingi, mvua kubwa ikipiga halafu jua ya saa sita ikafuata, juu inakuwa ngumu kama tofali, na si ajabu ju matofali ya muji huu inatoka hapo hapo. Inama uangalie na jicho karibu kabisa. Utaona vipande vya udongo vimeinuka kidogo upande mumoja. Inua kimoja na kucha, chini yake utakuta muche mweupe umejikunja, shingo imepinda, umeota kabisa lakini umekosa pa kutokea. Kwa hiyo mbegu ilikuwa muzima, mwenye kosa ni udongo. Dawa: kabla ya kupanda changanya muchanga wa mto, nusu kwa nusu, kwenye tabaka ya juu tu, kidole mbili zinatosha. Ukisha kumwaga mbegu tandika nyasi kavu yenye imekatwa fupi, nyepesi, jua ipite. Na usimwagie na ndoo, maji ya ndoo njo inapiga udongo na kuufunga. Toboa kifuniko ya chupa na musumari, mwagia nayo polepole.

Ya tatu, mvua imekudanganya. Mvua ya kwanza ya Oktoba inanyesha siku mbili watu wanashangilia halafu jua inarudi, na mbegu yenye ilianza kuota inakaukia hapo hapo. Fuata mama wa mashamba. Wakati wanamwaga mahindi yao, katikati ya Novemba kuendelea, na wewe njo wakati wako. Desemba bado ni sawa. Kupanda Machi ni kupanda kwa maombi, ju kuanzia Mei mvua haiko tena mpaka Oktoba na muche haujashusha mizizi.

Ya ine, ngozi ya mbegu. Jamaa yote ya Crotalaria (ile yenye maua njano na maganda yenye ikikauka inalia ukitikisa), Indigofera, na wenzao wa familia ya maharagi, wako na ngozi yenye maji haipiti. Porini ngozi hiyo inavunjika yenyewe na moto, jua na muda, mpaka miaka. Wewe sugua mbegu kati ya vipande viwili vya papie emeri mpaka mung'aro wa juu upotee, usifike ndani. Ama chemsha maji, ondoa kwenye mbabula, ngoja dakika chache itulie, ndipo tumbukiza mbegu na uache mpaka asubuhi. Zenye zimevimba panda siku hiyo hiyo, zenye hazijavimba rudia. Usichemshe mbegu ndani ya maji yenye iko kwenye moto, hapo unapika maharagi.

Ya tano, mbegu ilikuwa mbaya toka mwanzo. Ilichumwa ikiwa kijani, ama ilikaa kwenye sashe ya plastiki na unyevu ikaoza. Weka mbegu 20 kwenye karatasi yenye imelowa, ndani ya kikopo yenye iko na kifuniko, mahali pa joto, uangalie. Zisipoota hata baada ya kusugua, pasua chache na wembe: ndani nyeupe na ngumu ni muzima bado imelala, nyeusi ama tupu ni kwisha. Na mbegu ya ile yenye ua lake ni kama mpira mwekundu wa miiba, Scadoxus, yenye inapenda sana pembeni ya vichuguu, haihifadhiwi kabisa. Ondoa nyama ya tunda, osha, panda juu juu ikiwa bado mbichi. Ukiinunua kavu umenunua jina.

Ya sita, sisimizi na ndege. Angalia asubuhi mapema, utaona mustari wao na mbegu mgongoni. Panda kwenye trei ama sanduku juu ya meza, miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji.

Ya saba, haujangoja. Ile Gloriosa yenye maua nyekundu na njano imegeukia juu, na ncha ya jani inajizungusha kwenye kila kitu yenye inagusa, inaweza kukaa mwezi mpaka miezi mitatu kabla ya kuota, na zinaota moja moja, leo moja, wiki ijayo ingine. Usimwage trei.

Kuna na mambo ya moshi. Mbegu mingi za nyasi na maua ya savana zinaamshwa na moshi, siyo moto wenyewe. Kama umefuata yote ya juu na bado kimya, weka trei chini ya sanduku, pitisha moshi ya majani makavu saa moja hivi, halafu mwagia. Usitumie moshi ya plastiki ama ya mbao yenye ilipakwa rangi.

Chikanda: kila mwaka kuna mutu anauliza kama anaweza kupanda kwa mbegu. Hapana, nyumbani haiwezekani. Ni okidi ya udongoni, mbegu yake ni vumbi bila chakula ndani, inahitaji kuvu fulani ya kuilisha ndipo iote. Kazi hiyo ni ya labo.

Onyo moja kabla sijaenda mbele. Kuna wenye wanashauri asidi ya batri, ati inalainisha ngozi ya mbegu, na wengine wanaimwaga kwenye udongo ju ya kuua chokaa. Acha kabisa. Inachoma jicho na mukono, na ya batri za zamani iko na risasi, ile metali ya sumu (plomb), yenye itabaki kwenye parseli yako na watoto wanacheza hapo. Ikikurukia, maji mingi mingi dakika 20, halafu hospitali.

Imeota vizuri halafu inaanguka moja moja, shingo imekuwa nyembamba

Hiyo ni kuvu ya udongoni. Kwanza kabisa sababu ni maji kuzidi na miche imebanana. Desemba na Januari mvua inanyesha yenyewe, hauna haja ya kumwagia asubuhi na jioni. Punguza miche ikae na nafasi ya vidole viwili, kata na makasi usingoe ju unavuta na mizizi ya jirani. Sogeza trei kwenye mwanga na upepo. Sababu ya pili ni fimye yenye haijaoza, mavi ya kuku mbichi hasa. Ya tatu, kama shingo imekatwa safi, siyo kulainika, ni kiwavi cha usiku, chimba kidogo pembeni ya muche utamukuta amejikunja, mutoe kwa mukono. Trei yenye imeanza kuoza usiokoe udongo wake ju ya kupandia tena.

Majani ya juu inakuwa njano lakini mishipa inabaki kijani

Sasa tumefika kwenye chokaa yenyewe. Shika jani jipya, la juu kabisa, liinue kwenye mwanga. Kama nyama ya jani imekuwa njano karibu nyeupe na mishipa imechorwa kijani, na majani ya zamani chini bado iko sawa, ni njaa ya chuma. Haimaanishi chuma haiko, udongo wetu umejaa chuma mpaka ni mwekundu, ila chokaa imeifunga mizizi haiwezi kuichukua. Kama ni kinyume, majani ya chini njo ilianza kuwa njano yote na mishipa yake, hiyo ni njaa ya kawaida ama maji imesimama, usichanganye.

Angalia kwanza kama ni majivu. Hii ya majivu ni ya kwetu kabisa: kila asubuhi mama anamwaga majivu ya mbabula kwenye maua, ju bibi alisema majivu ni mbolea. Na bibi alisema kweli, kwa udongo mwekundu wenye asidi majivu inasaidia. Kwenye udongo wa kichuguu unaongezea chokaa juu ya chokaa. Peleka majivu kwenye lengalenga upande ule wa udongo mwekundu.

Kisha angalia maji. Kama unamwagia ya kisima, tazama ndani ya sufuria yenye munachemshia chai. Iko na ukoko mweupe yenye haitoki? Maji yako inabeba chokaa kila siku. Kinga maji ya mvua kwenye bidoni, mwagia nayo miche wakati wa kipwa, mvua ikiwa haiko.

Kisha maji kusimama. Mizizi bila hewa haichukui chuma hata kama iko. Inua tuta, changanya muchanga na mboji ya majani yenye imeoza vizuri.

Mwisho, mumea wenyewe haupendi chokaa. Hapa mi niko mukali kidogo: usibishane na udongo. Watu wanatoa maua kwenye dembo, lile bonde la maji lenye udongo wa asidi, wanaleta juu ya kichuguu halafu wanashangaa. Maua ya dembo iache kwenye dembo. Kwa kichuguu chukua mbegu kwenye mimea yenye tayari inaishi kwenye vichuguu na pembeni yake, Scadoxus, Gloriosa, Leonotis ile yenye mipira ya machungwa imepangana kwenye fimbo moja. Zunguka pori la karibu uangalie mwenyewe nani anakaa wapi. Kutembea hivyo kunafundisha kuliko fimye yote ya komini zetu za Kenya na Katuba.

Ukitaka kuokoa yenye tayari imekuwa njano, tafuta chuma ya kilati (fer chélaté, yenye imefungiwa ju chokaa isiikamate haraka) kwa wauzaji wa dawa za mashamba, nyunyiza kwenye majani jioni, kwa kipimo yenye iko kwenye pakiti. Sulfati ya chuma ukiimwaga kwenye udongo wa chokaa inafungwa hapo hapo, pesa imeenda. Ikiwa umenyunyiza mara mbili na majani mapya bado inatoka njano, simama, peleka udongo upimwe kwanza.

Imekaa pale pale, ndogo, majani iko na rangi ya zambarau

Mara mingi ni baridi tu. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi si muchezo, na kwenye mabonde ni mbaya zaidi, muche unasimama unangoja Septemba. Usifanye kitu. Kama ni Januari na joto iko, basi ni fosfori yenye chokaa imeifunga, na hapo mboji kidogo pembeni ya mizizi inasaidia kuliko mbolea ya mufuko. Kama ulihamisha muche kutoka kwenye sashe ndogo yenye mizizi ilikuwa imejizungusha, ungoe mumoja uangalie.

Majani mingi, kijani, refu, hakuna hata ua moja

Fimye. Karibu kila mara ni fimye. Maua ya pori imezoea njaa, ukiilisha inanenepa majani na inasahau maua. Acha kulisha, acha na kumwagia, mwaka unaofuata itajirekebisha. Kama haukuweka fimye, angalia kivuli: chini ya muembe haitachanua, hizi ni za mahali pa wazi. Ama ni umri. Gladiolus dalenii ya mbegu inataka misimu miwili mitatu kutengeneza kitunguu chake kabla ya ua la kwanza, Gloriosa hivyo hivyo. Kipwa ikifika juu inakufa kabisa, watu wanafikiri imekufa wanalima hapo. Weka kijiti cha alama.

Maua ilikuwepo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ni nyasi tu

Sababu kubwa ni ile ile, udongo umenenepa na nyasi inapenda unono kuliko maua. Ya pili ni kwamba haukusafisha mbegu ya nyasi yenye ililala udongoni. Kabla ya kupanda, ngoja mvua mbili tatu, acha takataka zote (majani yenye haukupanda) ziote, piga jembe juu juu tu, ngoja tena, piga tena, ndipo umwage maua. Ukilima kwa kina unaamsha zingine. Ya tatu, majani yenye inatembea chini kwa chini, Imperata na Cynodon. Hapo jembe inakuongezea, kila kipande cha muzizi ni mumea mupya. Funika na bashe nyeusi wakati wa jua kali, miezi kadhaa, ama chambua na mukono kila kipande.

Kwa sehemu yenye tayari iko na maua, kata nyasi Mei ama Juni, baada ya mbegu za maua kuanguka, halafu ondoa zenye umekata, usiziache zioze hapo ju zinalisha udongo. Kata tena ikianza kukimbia mwanzo wa mvua. Kuchoma najua njo desturi, na pori letu limezoea moto, ila ndani ya muji hapana. Agosti upepo iko, nyumba zimebanana, moto ikiruka ukuta haukuombi ruhusa.

Uingereza kwenye vilima vyao vya chokaa wako na ujanja wa kupanda Rhinanthus, kaua kadogo njano kenye kananyonya mizizi ya nyasi mpaka nyasi inadhoofika na maua mengine inapata nafasi. Mutu akisoma hiyo anakumbuka kwamba na sisi tuko na wetu wanyonyaji, ile Striga yenye kaua kekundu kazuri. Usijaribu hata kidogo. Striga inanyonya mahindi, mbegu zake ni vumbi, zinakaa udongoni miaka mingi, na jirani yako iko na mahindi nyuma ya ukuta. Ukiiona kwenye parseli yako ngoa kabla haijachanua, choma.

Tithonia, ile njano kubwa yenye watu wanaita ya pori, si ya huku, ilitoka Mexiko na Amerika ya Kati. Inapendeza lakini ukiiachia inameza parseli yote. Lantana hivyo hivyo.

Mbegu nilichuma porini mwenyewe na bado inanisumbua

Mara mingi umechuma mapema. Ganda liwe limekauka na kubadilika rangi, mbegu iwe ngumu kwenye jino. Kausha kivulini, weka kwenye bahasha ya karatasi. Na usichukue zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mbegu zenye umekuta, pori nayo inahitaji kesho. Vitunguu usichimbe.

Maua ya vilima vya shaba iache kule. Haumaniastrum katangense, yenye kwa Kifaransa wanaita ua la shaba, inaota sana mahali shaba iko juu, mpaka watafiti waliitumia ju ya kupata sehemu zenye mababu walikuwa wanayeyushia shaba zamani. Ukiileta kwenye tuta ya kawaida mara mingi inasumbuliwa na kuvu. Na baadhi ya mimea ya vilima hivyo haiko mahali pengine popote duniani, na vilima vyenyewe vinaisha na machimbo.

Kuna kipande cha parseli chenye hakuna kitu inaota, hata takataka

Hapa soma vizuri, ju hapa njo pa kusimama.

Anza na nyepesi: simenti yenye ilimwagika, oili ya gari, mahali fundi aliosha vyombo vya beto. Chimba kidogo, utaona ama utasikia harufu. Ondoa tabaka hiyo, jaza ingine.

Ikiwa siyo hiyo, na uko upande wenye moshi ya viwanda vya shaba ilikuwa inaangukia miaka na miaka, kama Penga-Penga, ama kipande hicho kilijazwa na mabaki ya machimbo, ama unaona vijiwe vya kijani na bluu, fikiria metali: shaba, kobalti, na zingine zenye ni sumu kama risasi na kadmiumu. Siki haitakuambia hiyo, jicho pia hapana. Watu wa agronomi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, walijaribu huko Penga-Penga kutuliza udongo na chokaa na mboji kisha wakapanda nyasi za asili zenye zinavumilia shaba, kwa hiyo kazi inawezekana, na ona jambo la ajabu, hapa chokaa njo inakuwa rafiki ju inafunga shaba vile inafungaga chuma. Lakini kipimo cha kiasi gani kinatoka kwenye labo. Usichimbe kwa kubahatisha, usisambaze udongo huo sehemu ingine, usipande sombe wala mboga hapo, watoto wasicheze na vumbi yake, na mutu asile udongo wa hapo, hata mama mwenye mimba mwenye anatamani pemba. Mufuate agronomu, udongo upimwe metali, ndipo uamue.

Muchwa wanakula miche, ama unataka kusawazisha kichuguu ju ya kupanda

Muchwa wanafuata vitu vikavu. Ukitandika nyasi kavu nene wakati wa kipwa umewaita mwenyewe, tandika nyepesi na uache nafasi pembeni ya shina. Miche yenye afya mara mingi hawaigusi.

Kusawazisha kichuguu kizima ni jambo lingine. Ukikata upande mumoja kwenda ndani vile wafyatuaji wa matofali wanafanya, juu inabaki inaning'inia, mvua ikiingia inaporomoka yote kwa mara moja na mwenye iko chini haonekani tena. Shuka kutoka juu, ngazi kwa ngazi, usichimbe chini yake. Nyoka wanapenda mashimo ya vichuguu, kwa hiyo buti na fimbo, kamwe mukono ndani ya shimo. Ukimuona rudi nyuma, ita mutu mwenye anajua. Akikuuma, usikate wala usifunge kamba, mukono ama mguu utulie, hospitali moja kwa moja. Na kama muchwa bado ni hai ndani na nyumba iko karibu, usivunje kabla mutaalamu wa muchwa hajaangalia, ju wakikosa pao wanaweza kuhamia kwenye mbao za paa yako.

Jambo la mwisho ni la Gloriosa, kwa wenye watoto na mbuzi. Mumea wote ni sumu, kitunguu na mbegu zaidi, na kile kitunguu kinafanana na kiazi kikuu kidogo. Mutu akikila, tapiko na kuhara inakuja baada ya masaa, na hata kama inaonekana imetulia, usingoje asubuhi. Beba kipande cha mumea mukononi, mukimbilie hospitali usiku huo huo. Crotalaria nayo mbuzi wasiile. Panda zote mbili nyuma ya senyenge, mbali na mahali mama anatoa viazi.